Mama Mkwe, Jiko la Umeme na Dirisha

Mama mkwe wangu ninamfahamu kwa masikio. Ukiniuliza sura yake, nitakwambia ni mwanamke mfupi anayefungia kilemba mbele, na hapo nimemaliza. Lakini ukitaka kujua anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito, anavyoburuza kandambili ya kushoto kuliko ya kulia, anavyogonga mwiko ukingoni mwa sufuria ili majirani wote wajue ugali umeiva, nitakueleza mpaka usinzie.

Kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, hali mbele yake, na jikoni anakopika hakanyagi kabisa. Hata jina lake halitamki. Anaitwa Ghati. Nimeliandika mara moja kwa sababu kalamu si mdomo, na sitalirudia. Wapo wanaoona desturi hii ni mzigo. Mimi nilizaliwa na aibu, nikaiona ni zawadi ya harusi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu yeye alikuwa Butiama na ng'ombe wake, mimi Musoma, mtaa wa Kitaji, na randa zangu za useremala. Tukikutana msibani, yeye alipita upande huu wa nyumba na mimi ule, na kila mmoja akarudi kwake akiwa na furaha.

Habari zake nilizipata kwa mke wangu Matrida. Kwamba alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa maziwa na mihogo. Kwamba sherehe ikifika parokiani kwao, sufuria kubwa kuliko zote ni yake, anakaa chini, anaibana kwa nyayo mbili, na ugali wake ukikatwa haubaki mkononi hata punje. Siku moja nyuki waliingia penye mapishi, watu wakakimbia mpaka barabarani, padri akiwa mbele. Yeye alijitanda kanga kichwani akaendelea kusonga. Nyuki walichoka wakaondoka, ugali ukaliwa.

Basi mwaka huu Matrida akajifungua. Tulidhani mlango huo tulishaufunga, kumbe tuliurudishia tu. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, mzuri, mwenye hasira. Nesi akamwonya asiinue kitu, asiiname, asikae kwenye moshi. Mimi najua kulainisha mbao. Uji wangu una mabonge ya kuhesabika. Kwa hiyo mama mkwe alishuka kwenye basi la kutoka Butiama akiwa na kibuyu cha maziwa, unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, kuku aliyefungwa miguu, na mwiko wake mwenyewe, kwa sababu mwiko wa mtu mwingine, alisema, unakuwaga na tabia za mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya nyumba.

Jikoni kwetu hakuna mafiga. Kuna jiko kubwa la umeme, plate nne juu na oveni chini. Matrida alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kule Bunda, na walipohamia kwenye gesi wakampa jiko hilo kwa utumishi wake mwema. Fundi Clementi alikuja kulifunga. Alilivutia waya mnene usiotumiwa na kitu kingine kutoka kwenye breka, akaweka ukutani swichi kubwa yenye taa nyekundu, kando ya jiko na si juu yake, ili mtu akitaka kuzima asipitishe mkono juu ya moto. Akasema jiko la namna ile halichomekwi kwenye ekstensheni kama redio, na anayefanya hivyo atapika nyumba pamoja na maharage.

Nikiwa nyuma ya nyumba nikasikia kandambili ya kushoto ikiingia jikoni. Ikasimama. Kikohozi. Kisha akauliza moto uko wapi. Matrida akamweleza kutoka chumbani kwamba azungushe swichi ya jiko, plate itapata moto. Nikasikia swichi ikizungushwa, kisha ikizungushwa tena.

"Huu moto hausemi," mama mkwe akasema.

Akaeleza, na mimi nyuma ya ukuta nilisikia kila neno. Moto wa kuni mbichi unalia, wa kuni kavu unacheka, kaa linapumua, na moshi unakwambia kama umechelewa. Huu umekaa tu kama mwizi nyuma ya mlango, unangoja uje na mkono wako. Atajaribu mpaka Jumamosi. Ukimshinda, atapanda basi kurudi Butiama, na hatarudi peke yake. Atamchukua mzazi na mtoto, awalee mahali penye moto unaojulikana.

Nilikaa chini pale pale kwenye takataka za randa. Matrida na nyuzi zake kwenye basi, na mtoto ambaye bado sijaweza kumbeba bila kutetemeka. Na mama yake akisema jambo, Matrida hapingi, hajawahi kupinga tangu azaliwe. Kumwondoa mama mkwe nisingeweza, na kupika nisingeweza. Kilichobaki ni kumfundisha jiko. Na nyumba nzima, aliyemsikiliza Clementi mpaka mwisho, ukimtoa mzazi aliyelala kitandani, ni mimi.

Tulianza kwa kumtumia Matrida kama daraja. Mimi nasema kwenye dirisha la chumba cha kulala, yeye anapaza sauti kwenda jikoni, jibu linarudi. Nikasema sufuria iwe na kitako bapa na ilingane na plate, isiwe ndogo plate ikabaki nje. Jibu likarudi kwamba mama anauliza kama plate ni shuka, mbona inaona aibu kubaki nje. Matrida akacheka, akashika tumbo, akalia kwa maumivu, akacheka kwa kuwa analia. Akatukataza wote wawili. Alisema tutamfumua nyuzi.

Kesho yake nikachukua kigoda, nikakiweka nje chini ya dirisha la jikoni, nikakaa nikiwa nimelipa dirisha mgongo, uso kwenye ua wa minyaa. Ndani nikasikia anapanga vyombo. Sikuweza kumwambia yeye moja kwa moja. Ulimi wangu haungenyanyuka. Nikauambia ua.

"Ua," nikasema, "kabla ya kugusa swichi, mtu anakausha mikono."

Vyombo vikanyamaza. Halafu sauti ikatoka, lakini haikunijibu mimi.

"Sufuria," mama mkwe akasema, "umesikia? Ua wa hapa unasemeshwaga."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Naomi, jirani yetu, alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya pili ya minyaa. Akanichungulia juu ya shuka, akasikiliza nikieleza mkono wa kikaango ugeuziwe ukutani usije ukakumbwa na kiwiko, akashindwa kuvumilia.

"Fundi," akaniuliza, "huo ua umekukosea nini?"

Nikamwambia nipo kazini. Alienda kucheka ndani kwake, lakini kila siku baada ya hapo nguo zake zilikuwa zinahitaji kuanikwa saa ile ile.

Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Alishika kila kitu na hakukubali hata kimoja. Nilipouambia ua kwamba plate ikizimwa inabaki na joto, haina wekundu wowote lakini inaunguza, kwa hiyo isiwekewe kitambaa wala bakuli la plastiki, aliiambia sufuria, "Kumbe ni kama wakwe wa siku hizi. Kimya kimya, kumbe ndani wanachemka." Ng'ambo ya minyaa shuka moja ilianguka kwenye matope. Nilipouambia ua kwamba mafuta yakishika moto mtu asimwagie maji, maana maji yanayarusha yale mafuta yakiwaka mpaka darini, bali azime ukutani na kufunika kwa mfuniko au sinia, hakutania. Alikohoa. Akaniomba nirudie. Yaani, aliiomba sufuria imwombe yule anayesema na ua arudie. Nikarudia.

Siku iliyofuata nilisikia harufu ya moshi mtamu, ile harufu ya vijiti wanavyofukizia vibuyu vya maziwa kwao. Nikageuka bila kukusudia, nikaona moshi unatoka dirishani kama nyumba imeanza kuvuta kiko. Alikuwa amevipanga vijiti vyake juu ya plate nyekundu, akiwa ameshika kibuyu tayari. Nikauambia ua, kwa haraka kidogo, kwamba juu ya plate hakuwekwi mti, karatasi, wala kitu kingine chochote kisichokuwa chombo cha kupikia. Akauliza sasa maziwa ya mzazi yafukizwe kwa nini, kwa taa nyekundu? Nikakimbia kwa Naomi nikaazima jiko dogo la mkaa, nikaliweka uani mbali na ukuta, nikaondoka. Niliporudi kibuyu kilikuwa kimefukizwa na vijiti vilikuwa majivu. Jioni aliiuliza sufuria majivu yaliyodondokea kwenye plate yanaoshwaje. Nikauambia ua kwamba mtu anazima ukutani, anangoja ipoe kabisa, ndipo anafuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Jiko halimwagiwi maji kama mtoto anayeogeshwa.

Nikaanza kuwa na matumaini. Uji wa mzazi ulikuwa laini. Matrida alirudisha mashavu yake. Usiku kwenye chumba cha kazi ninakolala siku hizi nilijikuta natabasamu kwenye giza, mtu mzima.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila ilipofika zamu ya ugali nilisikia sauti ya chuma sakafuni, kwaruuu. Sikuelewa. Nilifikiri anaburuza ndoo.

Ijumaa Naomi akaleta sato watatu kutoka kwa wavuvi wa Mwigobero, wabichi, bado wanashangaa. Mama mkwe akawaparua. Nikiwa kwenye kigoda changu nikasikia mafuta yanamiminwa kwenye kikaango, nikasikia maji ya ugali yanachemka, unga unaingia. Kisha kwaruuu. Kisha sauti yake ikatoka chini kuliko kawaida, karibu na sakafu, ikihema.

Ndipo akili ikanifungukia. Alikuwa anateremsha sufuria ya ugali chini, anakaa kwenye kigoda, anaibana kwa nyayo kama anavyobanaga kule parokiani, na kusonga. Kwa mafiga hakuna tatizo, moto uko chini naye yuko chini. Kwa jiko letu, plate zinabaki juu nyuma ya mgongo wake. Ya ugali alikuwa ameizima, nilikuwa nimesikia swichi. Ya mafuta sikusikia.

Nikafungua mdomo niuambie ua. Lakini ndani yeye alishatangulia, na kwa furaha.

"Sufuria," akasema, "leo moto umeanza kusema. Una moshi."

Nikageuka. Moshi ulikuwa wa buluu na mzito, na katikati yake ukasimama ulimi wa moto, mrefu, wa njano, ukiramba ukuta juu ya kikaango.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka ndoo. Ilikuwa imejaa, chini ya bomba, na mimi, mwalimu wa ua, niliyerudia somo mara mbili kwa kuombwa, niliibeba ile ndoo ya maji nikaingia nayo mbio jikoni kwa mama mkwe wangu.

Alikuwa amesimama, mwiko mkononi, unga kwenye nyusi. Akanitazama machoni.

"Mkwe," akasema, "maji weka chini. Si ulisema mwenyewe?"

Miguu ikakwama. Maji yakaruka yakanilowesha mimi peke yangu, mpaka kwenye viatu. Yeye hakukimbia. Alienda ukutani akabonyeza swichi kubwa, taa nyekundu ikafa. Akachukua sinia la bati, akalisogeza kutoka upande wake kama ngao, akalitelezesha juu ya kikaango taratibu, kama mtu anayefunika kuku kwa tenga. Ulimi ule ukatoka pembeni mara moja, ukajirudi, ukaisha.

"Kisifunuliwe mpaka kipoe," nikasema.

"Najua."

Kutoka chumbani Matrida akauliza kuna nini huko. Tukajibu mimi na mama yake kwa pamoja, kwa sauti moja kama kwaya, kwamba hakuna kitu.

Ndipo tukakumbuka. Nilikuwa jikoni. Alikuwa mbele yangu. Ana macho ya Matrida kabisa, na kidoti cha unga puani. Nikatoka kinyumenyume na ndoo yangu, nikagonga fremu ya mlango ambayo niliitengeneza mwenyewe, nikaomba radhi kwa fremu, nikarudi kwenye kigoda, nikaangalia minyaa. Nguo zilikuwa zinanidondosha maji. Mtoto alikuwa analia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikaa pale nikingoja hukumu, na moyo wangu ulishapanda basi ukakaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani. Ndani kikaja kikohozi.

"Sufuria," akaanza, "huu moto unasemaga ukikosewa tu. Ukitunzwa unanyamaza. Mimi nilimuita mwizi, kumbe ni mtu mwenye adabu. Mwenye kosa ni mimi, nilimuacha nyuma ya mgongo wangu."

Nikauambia ua kwamba kosa ni la anayefundisha, aliyesahau kufundisha kwamba mafuta hayaachwi hata kidogo.

"Sufuria, mwambie asinikatize. Hujui kwa nini nakuteremsha chini? Juu sifiki. Nikisonga huko juu nasimamia vidole kama mwizi wa maembe, nawe unazunguka tu. Nilikuwa naona aibu kusema."

Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa moto. Sikujua kwamba aibu iko hata upande ule wa ukuta.

Akakohoa tena. Akaiambia sufuria kwamba mkwe ameingia jikoni kwake, na kwa ukoo wao hiyo ni faini ya mbuzi, haina mjadala. Lakini mbuzi hawezi kumpandisha akafika kwenye plate. Basi faini iwe kitu cha kusimamia, kipana, kisichotikisika, na kiwe mlangoni kabla ya basi la Butiama kuondoka kesho asubuhi. Kisipokuwepo, atapanda basi.

Nikauuliza ua nitapataje kipimo, maana mtu hapimwi kwa kukisiwa, na kumpima kwa futi nisingethubutu hata kwa mtutu wa bunduki. Nikasikia anacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Kinaanza chini na kupanda kama kuku anayetangaza yai. Baada ya kitambo kamba ya katani ikarushwa dirishani, ikanitua begani. Ilikuwa na fundo kuonyesha pengo kati ya pale alipo na pale anapotaka kuwa.

Nilikuwa na ubao wa mninga niliotoka nao Bunda, niliouweka kwa kazi ya maana. Nikaukata kabla jua halijazama. Nilitengeneza kibao kipana cha kusimamia kwa miguu miwili, chenye nafasi ya kugeuka, miguu minne imetanuka chini, juu nikapiga vijiti vyembamba ili unyayo usiteleze hata kama kuna maji. Na kwa mtu wa kuchomea vyuma mtaa wa pili nikapata chuma cha uma chenye mpini mrefu, cha kushikilia sufuria isizunguke. Naomi akaja kukanyaga kibao mara kadhaa, akaruka juu yake akiimba, akasema kimefaulu kuliko ua.

Alfajiri nikakiweka kwenye mlango wa jikoni, nikagonga, nikakimbia.

Nikakaa kwenye kigoda. Honi ya basi ilisikika mbali, kule barabara kubwa, ikaita abiria wa Butiama, ikaita tena. Ndani, kandambili ya kushoto ikaburuzwa mpaka mlangoni. Kisha ikaja sauti mpya ambayo jikoni kwetu haikuwahi kuwepo: nyayo mbili juu ya mninga, ko, ko. Zikajaribu huku. Zikajaribu kule. Kibao hakikutikisika. Swichi ya ukutani ikalia, na maji ya ugali yakaanza kuimba, na safari hii hakukuwa na kwaruuu. Kulikuwa na mwiko unaokwenda kwa nguvu, kutoka juu, nguvu ya mwanamke aliyeshinda nyuki. Nilipomsikia anaugonga ukingoni, basi lilikuwa limeshaondoka.

Sinia likapita dirishani likawekwa juu ya kizingiti, nyuma ya mgongo wangu: ugali, sato, mboga. Nikala uso ukiwa kwenye minyaa. Ugali haukubaki mkononi hata punje.

Ameamua kukaa mpaka mtoto atembee. Kila akimaliza kupika anazima ukutani, anaiuliza sufuria kama jiko limepoa, anafuta kwa kitambaa chake chenye unyevu, na Matrida anaporuhusiwa kufika mlangoni anaonyeshwa jinsi ya kufanya, kama vile jiko lilitoka Butiama. Mtoto tumempa jina la bibi yake, lile nililoliandika mwanzoni na ambalo siwezi kulitamka. Kwa hiyo binti yangu mwenyewe namuita Mkwe Mdogo. Akilia jikoni mgongoni kwa bibi yake, nauambia ua kwamba mtoto anyamaze, na kutoka ndani, ko, ko, juu ya mninga, sufuria inanijibu kwamba amesikia.